Abreu: Straika 'mwehu' wa klabu zaidi ya 30 aliyeiliza Ghana

MTAJIE shabiki wa soka wa Afrika jina la Sebastián Abreu, atakumbuka kitu kimoja tu: penalti. Ni yeye aliyepiga ile ya mwisho usiku wa Julai 2, 2010 pale Soccer City, Johannesburg, ikaing'oa Ghana katika robo fainali ya Kombe la Dunia. Aliubetua mpira taratibu katikati ya goli, na hadi leo wapo ambao hawajamsamehe.

Mtaje huyohuyo kule Amerika Kusini, watu wataanza kuhesabu klabu. Watahesabu hadi vidole viishe. Abreu ametundika daluga mwaka 2021 akiwa na miaka 44, baada ya kuvaa jezi za timu zaidi ya 30 katika nchi 11: Uruguay, Argentina, Hispania, Brazil, Mexico, Israel, Ugiriki, Ecuador, Paraguay, El Salvador na Chile.

Straika wa aina hii huwa hapewi heshima. Akihama kila msimu anaitwa mpita njia, mtu wa fedha, mchezaji ambaye hakuna kocha anayemtaka kwa muda mrefu. Mengine yana ukweli. Lakini ukiifuata safari ya Abreu kituo kwa kituo, utagundua kuwa penalti ile ya Johannesburg haikudondoka kutoka mbinguni. Ilitengenezwa njiani.

ULAYA YAMKATAA MAPEMA

Abreu alizaliwa Oktoba 17, 1976 katika mji wa Minas, Uruguay. Ni mrefu wa mita 1.93, anatumia mguu wa kushoto na kichwa chake kilikuwa silaha. Alianzia Defensor Sporting ya Montevideo, akavuka kwenda San Lorenzo ya Argentina mwaka 1996, na mwaka huohuo akaanza kuitwa timu ya taifa. Jina la utani, 'El Loco', yaani mwehu, lilimganda kwa vituko vyake ndani na nje ya uwanja.

Mwaka 1998 Deportivo La Coruña ya Hispania ikamsajili. Hapo kila mtu aliona njia ya kawaida ya staa wa Amerika Kusini: Ulaya, mabao, fedha, jina kubwa. Haikuwa hivyo. Alicheza mechi chache, akaanza kutolewa kwa mkopo. Akaenda Grêmio ya Brazil, akaenda Tecos ya Mexico, akarudi San Lorenzo. Deportivo ilipobeba ubingwa wa La Liga msimu wa 1999-2000, mabao yalikuwa ya Roy Makaay. Abreu alikuwa ng'ambo ya bahari akipiga mzigo kwa watu wengine.

Maisha ya mkopo ni magumu kwa straika. Hakuna kocha anayejenga timu kukuzunguka, maana kila mtu anajua utaondoka. Winga hajazoea unapopenda krosi zako. Ukikosa mabao mechi tano, unakaa benchi, na benchi la mtu wa mkopo halina wa kukutetea. Una miezi michache ya kufunga, basi.

MEXICO, MABAO BILA MAKAZI

Ndipo Mexico ikamwokoa. Ligi ya kule, kama ya Argentina kwa miaka mingi, ilikuwa na mabingwa wawili kwa mwaka, wa nusu ya kwanza na wa nusu ya pili. Mfumo huo unazaa mikataba mifupi. Timu inataka straika wa miezi sita, afunge, msimu uishe, watu waachane bila ugomvi.

Abreu alifaa kwa kazi hiyo. Mwaka 2002 akiwa Cruz Azul alimaliza kinara wa mabao akiwa ametupia 19 katika msimu mmoja wa nusu mwaka. Kwa jumla alizichezea klabu saba za Mexico: Tecos, Cruz Azul, América, Dorados, Monterrey, San Luis na Tigres.

Kituo cha Dorados ndicho kinachoeleza vizuri maisha yake. Hiyo ni timu ndogo ya mji wa Culiacán, na mwaka 2006 ilikuwa na kiungo mmoja Mhispania aliyekuwa anamalizia soka lake, Pep Guardiola, aliyemfuata kocha Juan Manuel Lillo ili ajifunze kazi. Abreu alifunga sana pale. Timu ikashuka daraja hivyohivyo, kwa sababu Mexico ilishusha timu kwa kuangalia wastani wa pointi za misimu kadhaa, siyo msimu mmoja. Straika alifanya kazi yake, hesabu za nyuma zikamzidi. Guardiola akarudi kwao kuwa kocha, Abreu akabeba begi kwenda Monterrey.

NCHI NNE NDANI YA MIAKA MIWILI

Kuanzia mwanzoni mwa 2008 hadi mwisho wa 2009 mwendo ukazidi. Alibeba taji la Clausura 2008 na River Plate ya Argentina chini ya Diego Simeone. Akaenda Beitar Jerusalem ya Israel, hakukaa. Mwaka 2009 alikuwa Real Sociedad iliyokuwa daraja la pili Hispania, kisha akatua Aris Thessaloniki ya Ugiriki.

Kwa mtu wa nje, huo ulikuwa mwisho wa mchezaji. Alikuwa na miaka 33, mkataba mmoja mfupi baada ya mwingine.

Novemba 18, 2009 Uruguay ilikuwa nyumbani Montevideo katika mchujo wa mwisho wa kwenda Afrika Kusini. Ilishashinda 1-0 ugenini Costa Rica kwa bao la Diego Lugano. Abreu akatokea benchi, akafunga. Costa Rica ikasawazisha dakika chache baadaye, lakini sare ya 1-1 ilitosha. Diego Forlán na Luis Suárez ndio walioonekana kwenye mabango, ila tiketi iligongwa muhuri na straika aliyekuwa hana anwani ya kudumu.

JARIBIO LA RIO

Januari 2010 akajiunga na Botafogo ya Rio de Janeiro. Alikuta timu yenye kidonda. Flamengo ilikuwa imeifunga Botafogo katika fainali za ubingwa wa jimbo miaka mitatu mfululizo, 2007, 2008 na 2009.

Aprili 18, 2010 wakakutana tena. Botafogo ilikuwa imeshashinda nusu ya kwanza ya mashindano, kwa hiyo ikishinda siku hiyo ubingwa wote ni wake. Matokeo yakiwa 1-1, Botafogo ikapata penalti. Abreu akachukua mpira, akakimbia, kipa akaruka, yeye akaubetua katikati. Mpira uligonga mwamba wa juu ukaingia. Botafogo ikashinda 2-1.

Aina hiyo ya penalti ina mwenyewe. Antonín Panenka wa Chekoslovakia ndiye aliyeipa jina, alipoipiga dhidi ya Ujerumani Magharibi katika fainali ya Ulaya mwaka 1976, mwaka aliozaliwa Abreu. Hesabu yake ni rahisi: kipa kwenye penalti kubwa karibu kila mara huchagua upande na kuruka. Katikati hubaki wazi. Kigumu ni kuwa na roho ya kuipiga pale, maana kipa akisimama tu ataudaka kama mtoto anayepokea chungwa, na wewe utachekwa maisha yako yote.

Wiki 11 baadaye, Abreu alikuwa Johannesburg.

USIKU WA GHANA

Kila Mwafrika anaijua hadithi. Sulley Muntari alifunga kwa shuti la mbali, Forlán akasawazisha kwa faulo. Abreu aliingia kipindi cha pili kumpokea Edinson Cavani. Dakika za mwisho kabisa za muda wa nyongeza Suárez aliudaka mpira kwa mikono kwenye mstari wa goli, akala nyekundu, na Asamoah Gyan akagongesha mwamba penalti ambayo ingeipeleka Afrika nusu fainali kwa mara ya kwanza. Bara lilisubiri hadi mwaka 2022, Morocco ilipofika huko.

Kwenye matuta, Fernando Muslera aliokoa za John Mensah na Dominic Adiyiah. Maxi Pereira wa Uruguay naye alipaisha. Ikafika zamu ya tano ya Uruguay, matokeo 3-2. Akifunga, mchezo umekwisha. Akikosa, Ghana inabaki na penalti moja ya kusawazisha.

Akaenda namba 13 mgongoni. Richard Kingson akaruka pembeni, mpira ukaelea katikati. Uruguay ikaingia nusu fainali yake ya kwanza tangu 1970.

Wengi waliita wazimu. Lakini mtu huyu alikuwa ametoka kuipiga penalti ileile mbele ya mashabiki wa Flamengo. Na alikuwa ametumia zaidi ya miaka kumi akiingia kwenye timu za wageni ambako hakuna anayemwonea huruma mtu akikosa. Presha ya kuhukumiwa kwa tukio moja ndiyo ilikuwa kazi yake ya kila siku.

Na alijua inaweza kumgeuka. Februari 2011, Botafogo ikicheza na Fluminense, alibetua penalti na kipa akaidaka. Timu ikapata penalti nyingine mechi hiyohiyo. Abreu akaenda tena, akabetua tena, ikaingia. Botafogo ikashinda 3-2.

REKODI NA GHARAMA YAKE

Baada ya kuwa kwenye kikosi cha Uruguay kilichobeba Copa América 2011, safari ikaendelea. Desemba 2017 alisaini Audax Italiano ya Chile, klabu yake ya 26, akaingia kitabu cha Guinness kwa kumpita kipa Mjerumani Lutz Pfannenstiel aliyekuwa na 25. Kisha akaongeza nyingine, zikiwemo Magallanes na Boston River.

Tusimpambe kupita kiasi. Hana taji kubwa la klabu barani Ulaya. Baadhi ya timu za mwishoni zilikuwa zinanunua jina na picha za magazeti kuliko mabao. Na klabu nyingi alizopita hazina kumbukumbu yake zaidi ya miezi michache. Nacional ya Montevideo, aliyorudi mara kwa mara, ni miongoni mwa chache anazoweza kuziita nyumbani.

Hata hivyo, timu ya taifa ilimpa mechi 70 na yeye akailipa mabao 26. Wahenga walisema mtembea bure si sawa na mkaa bure, na huyu hakutembea bure. Mwaka 2025 alikuwa Mexico tena, safari hii kama kocha wa Tijuana.

Kwa hiyo dirisha dogo likifunguliwa na timu yako ikamshusha straika mwenye klabu kumi nyuma yake, usikimbilie kucheka. Uliza kila alikopita alifunga mangapi, na penalti ya mwisho huwa anapewa nani.