Boga la Mavuno Lisiozee Sakristia

Kila baada ya mavuno waumini huleta kanisani matoleo ya mazao. Mahindi, maharage na ndizi hupelekwa kwa maandamano, na maboga makubwa hupangwa mbele ya altare kwa sababu yanapendeza macho. Misa ikiisha, mahindi na ndizi hupata wateja upesi. Je, boga? Mara nyingi hubaki kwenye kona ya sakristia mpaka lioze, au huishia kwa ng'ombe. Hata nyumbani ni hivyo hivyo. Huku Kifaru na kote tambarare chini ya milima ya Upare, maboga yaliyopandwa katikati ya mahindi hukomaa mengi kwa mara moja. Familia hula mpaka ikinai, na yaliyobaki husahauliwa.

Mwezi huu nawaomba tusilitupe boga. Ndani yake mna kitu ambacho watoto wetu wanakihitaji sana.

FAIDA YA BOGA

Ile rangi ya manjano au ya machungwa ndani ya boga ni karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Vitamini hii hulinda macho na kuusaidia mwili kupambana na magonjwa. Mtoto aliyepungukiwa nayo huanza kwa kutoona vizuri jua likizama: hujikwaa kwenye vigoda na kupapasa sahani iliyo mbele yake. Akiachwa hivyo, macho hukauka, hupata vidonda, na anaweza kupofuka kabisa. Tena surua na kuhara humlemea zaidi kuliko wenzake.

Matone ya vitamini A ambayo watoto wa miezi 6 hadi miaka 5 hupewa kila baada ya miezi 6 msiyakose. Boga halichukui nafasi ya matone, wala matone hayachukui nafasi ya chakula.

Kuna mambo mawili ya kukumbuka. Kwanza, karotini huingia mwilini vizuri ikiliwa pamoja na mafuta kidogo. Pili, boga kwa sehemu kubwa ni maji. Mtoto anayelishwa boga tupu hushiba kwa muda mfupi na hapati nguvu ya kutosha. Kwa hiyo lichanganywe na vyakula vingine: unga, maziwa, karanga zilizosagwa au yai. Njia rahisi ni kulifanya rojo zito.

NAMNA YA KUTENGENEZA ROJO

1. Chagua boga lililokomaa, lenye ganda gumu lisilo na ufa. Lioshe kabla ya kulikata.
2. Lipasue, toa mbegu na nyuzi, kisha kata vipande.
3. Chemsha kwa maji kidogo, sufuria ikiwa imefunikwa, kwa muda wa dakika 20 hivi au mpaka lilainike.
4. Mwaga maji, kwangua nyama kutoka kwenye ganda, uiponde kwa mwiko mpaka ilainike kabisa.
5. Kama rojo ni jepesi, liweke kwenye kitambaa safi ulininginize ili maji yachuruzike.

Vijiko viwili vitatu vya rojo ndani ya uji, pamoja na kijiko kidogo cha mafuta, vinamfaa mtoto aliyetimiza miezi 6. Kabla ya hapo anyonye maziwa ya mama tu.

MKATE WA BOGA

Mahitaji: unga wa ngano vikombe 4, rojo kikombe 1, sukari robo kikombe, mafuta vijiko vikubwa 2, hamira vijiko vidogo 2, chumvi kidogo, iliki ukipenda, na maziwa ya uvuguvugu nusu kikombe.

Changanya vitu vikavu. Tia mafuta na rojo, kisha maziwa kidogo kidogo mpaka unga ushikane. Rojo liwe limepoa, kwani likiwa la moto huua hamira na mkate hauumuki. Kanda vizuri, funika, acha kwa saa moja. Weka kwenye sufuria iliyopakwa mafuta, acha uumuke tena, kisha oka: makaa machache chini, mengi juu ya mfuniko, kwa dakika 30 hadi 40. Donge hilo hilo hufaa kwa maandazi, lakini mkate wa kuoka hauhitaji mafuta mengi.

TAHADHARI

Boga zima lenye kikonyo chake hukaa hata miezi kadhaa mahali pakavu penye kivuli. Likishakatwa au kupikwa huharibika upesi. Kama huna jokofu, pika la kutosha siku hiyo. Boga kubwa mgawane nyumba tatu. Katika jokofu rojo lisizidi siku 3. Msilihifadhi kwenye chupa zilizofungwa nje ya jokofu, maana humo huweza kuota vijidudu vyenye sumu kali.

Kule Marekani watu huchonga maboga na kuyawekea mishumaa usiku wa tarehe 31 Oktoba. Boga la namna hiyo, lililokaa wazi, au lililopakwa rangi kwa ajili ya mapambo, si chakula tena. Vilevile onja kipande kidogo kabla ya kupika: boga likiwa chungu litupwe, kwani uchungu huo huumiza tumbo na kutapisha.

Mtoto anayekula boga kwa wingi anaweza kuwa na viganja vya manjano. Mtazame macho. Kama sehemu nyeupe ya jicho ni nyeupe, msiwe na hofu. Kama nayo ni ya manjano, mleteni hospitali mara moja.

UKIPENDA BOGA

Wahenga walisema, ukipenda boga, penda na ua lake. Basi tupende na mbegu zake, ambazo zikikaangwa na kusagwa huongeza protini katika mboga, na majani yake, ambayo nayo yana karotini.

Enyi akina mama wa WAWATA, na ninyi akina baba wa jumuiya ndogo ndogo, mavuno yajayo msiache maboga pembeni ya altare. Yagaweni siku ile ile, mkianzia nyumba zenye watoto wadogo.