Mtihani wa Leseni: Usikariri Majibu

Ndugu zangu wa Jeddah, hasa mliohama Ghulail ilipobomolewa: Wauguzi mnaojiandaa na mtihani wa leseni ya Saudia mnaniuliza mkariri maswali gani. Msikariri! Mimi nilikariri, nikafeli mara ya kwanza.

Chukua mfano huu: mama amejifungua, anatoka damu nyingi, mji wa mimba ni laini. Utafanya nini kwanza? Kumwita daktari, kuweka dripu, kupima presha, yote ni sawa. Lakini kwanza unaukanda mji wa mimba hadi ukaze, huku ukiita msaada.

Kila swali jiulize: nini kitamwua mgonjwa kwanza? Fanya maswali 20 kila siku, na uandike sababu ya kila kosa. Iko siku swali hilo utalikuta kitandani.