Je, Wajua? Mjerumani wa Downing Street

Je, wajua kwamba kabla waziri mkuu yeyote wa Uingereza hajahamia Downing Street namba 10, sehemu kubwa ya nyumba hiyo ilikuwa makao ya Mjerumani? Ni Hans Caspar von Bothmer, mjumbe wa Hanover, aliyeishi humo tangu 1720 hadi alipofariki Februari 1732.

Wajua kwamba wakati ule hapakuwa na nchi moja iitwayo Ujerumani? Kulikuwa na mamia ya tawala, kubwa kwa ndogo, Hanover ikiwemo, na kila mtawala mwenye uwezo alituma wajumbe wake. Bothmer, mzaliwa wa Lauenbrück mwaka 1656, alikuwa amekwisha kufanya kazi hiyo Vienna, Paris na The Hague.

Kilichomleta London ni urithi. Malkia Anne alishika mimba 17, na mwanawe aliyeishi muda mrefu kuliko wengine alikufa mwaka 1700 akiwa na miaka 11. Sheria ya 1701 ikaamua kiti kiende kwa jamaa zake Waprotestanti wa Hanover. Wakatoliki zaidi ya 50 waliokuwa karibu zaidi kwa damu wakarukwa!

Lakini wajua kwamba Anne hakutaka hata mmoja wa warithi hao akanyage Uingereza yeye angali hai? Kwake ilikuwa kama kuletewa sanda kabla ya siku yake. Basi Bothmer ndiye aliyekuwa macho na masikio yao. Mwaka 1711 mawaziri wa Anne walipokuwa wakitafuta amani na Ufaransa, nchi iliyomhifadhi James Stuart, mdai Mkatoliki wa kiti hicho hicho, Bothmer aliwasilisha waraka mkali wa kuipinga amani hiyo. Waraka huo ukachapishwa gazetini, katika Daily Courant, kila mtu akausoma. Mawaziri wakafura kwa hasira. Kwangu mimi hapa ndipo alipoonyesha ushujaa wake: mgeni, peke yake, katika mji ambao serikali yake haimtaki.

Mwaka 1714 mambo yakaenda mbio. Mrithi wa kwanza, Sophia, alifariki Juni akitembea bustanini Herrenhausen, na miezi miwili hivi baadaye Anne naye akafa. Wajua nani alikuwa na nakala ya orodha iliyofungwa kwa lakiri, yenye majina ya watakaoshika nchi mpaka mfalme mpya afike? Bothmer. Ikafunguliwa siku ile ile, na mwana wa Sophia, George wa Kwanza, akatangazwa mfalme bila damu kumwagika London.

Malipo yake je? Sheria ile ile iliyompa bwana wake taji ilikataza mzaliwa wa nje kupewa cheo cha serikali au ardhi ya taji. Bothmer alipata nyumba ya kuishi tu, tena mbovu. Hazina ilitoa pauni 2,522 za matengenezo: mlango mpya wa nyuma, choo kipya, tangi la risasi lililosubuliwa upya na mabomba ya kuingiza maji ndani. Hata hivyo aliendelea kulalamika kwamba nyumba inabomoka.

Bothmer alipokufa, mfalme George wa Pili alimpa waziri mkuu wake, Robert Walpole, nyumba hiyo iwe yake binafsi. Walpole akaomba iwe ya cheo, airithi kila atakayemfuata. Ikaunganishwa na nyumba ndogo ya mbele, naye akahamia Septemba 1735.

Na ardhi je? Bothmer aliinunua kwao Ujerumani, huko Klütz, karibu na pwani ya Baltiki. Kuanzia 1726 akajengewa kasri la matofali mekundu katikati ya kisiwa kilichozungukwa na mfereji, yeye mwenyewe akiwa London. Lilikamilika 1732, mwaka aliofariki. Hakuwahi kulala humo hata usiku mmoja, na inaniuma kila nikikumbuka.

Wajua baadaye kasri hilo lilifanywa nini? Kati ya 1948 na 1994 lilikuwa nyumba ya kutunzia wazee. Tangu 2015 liko wazi kwa wageni, na njia ya kulifikia ina safu mbili za miti ya milinde ambayo matawi yake hukatwa na kufundishwa yaning'inie kama mashada ya maua, mti mmoja ukishikana na mwenzake kwa mita 270 hivi, hadi mlango wa kasri unapoonekana mbele.