Lugha za Kumwongoza Mchezaji Bandia
Mchezaji bandia wa Unreal Tournament 2004 (tusimwite boti, msikilizaji asije akadhani chombo cha baharini) huweza kuongozwa kwa Java au kwa POSH, lugha ya mipango iliyobuniwa na Joanna Bryson. Wapo wanaoupima wepesi wa lugha hizo kwa ufupi wa matini. Mimi huupima kwa muda wa kulipata kosa. Katika Java, mwandishi mwenyewe hueleza ni lini mchezaji aliyejeruhiwa aache kupigana akatafute dawa. Katika POSH hutosha kulitanguliza hitaji la dawa mbele ya lile la kupigana. Hata hivyo, katika mfumo wa Pogamut, uliobuniwa Chuo Kikuu cha Charles, Prague, vitendo vyenyewe huandikwa kwa Java. Mchezaji akikwama, mwanafunzi hulisaka kosa katika lugha mbili.