Je, Wajua? Pikipiki ya Mbio Isiyo na Breki ya Mbele

Pikipiki za mbio za flat track, zinazozunguka viwanja vya udongo vyenye umbo la yai huko Marekani, hazina breki ya mbele. Kanuni zinaikataza! Hadi mwishoni mwa miaka ya 1960, hata ya nyuma haikuwapo.

Ukigeuza pikipiki kuukuu ya porini kuwa ya flat track, ng'oa taa na breki ya mbele. Rimu ya inchi 21 mbele na ya 18 nyuma zipishe mbili za inchi 19. Shokapu ndefu zifupishwe.

Utamu wenyewe uko kwenye kona. Dereva hukata kushoto tu, gurudumu la nyuma likiserereka, usukani ukielekea kulia. Buti la kushoto limevishwa soli ya chuma, nayo huteleza juu ya udongo ikimshikilia asianguke.