Mwanasaikolojia wa Shule na Watoto wa Wadi Kabir: Asili ya Kazi Yake na Nafasi ya Familia

Mwanasaikolojia wa shule ni mtaalamu aliyesomea namna akili, hisia na mwenendo wa mtoto vinavyokua, ambaye amepewa kazi ya kuutumia ujuzi huo ndani ya shule ili mwanafunzi aweze kujifunza, kuishi vyema na wenzake na kuvuka vipindi vya dhiki. Humpima mwanafunzi anayesuasua katika masomo, humshauri mwalimu namna ya kumfundisha, huzungumza na wazazi, na humpeleka mtoto hospitali pale shida inapozidi uwezo wa shule. Katika Wadi Kabir, mtaa wa Muscat ulio jirani na Ruwi na uliozungukwa na milima ya mawe, kazi hiyo ina uzito wa pekee, kwa sababu mtoto wa hapo aghalabu husemeshwa Kiswahili na bibi yake, Kiarabu na jirani yake na Kiingereza na mwalimu wake, na hutakiwa afaulu katika lugha ambayo huenda si ile aliyoanza kuzungumza. Hoja ya makala haya ni kwamba mtaalamu huyo, hata akiwa hodari namna gani, hupata nusu tu ya habari za mtoto iwapo familia haikumshirikisha, na kwamba nusu iliyobaki ndiyo mara nyingi inayoamua kama mtoto atasaidiwa au atahukumiwa.

Taaluma ilivyoanza

Chanzo cha taaluma hii ni swali la mwalimu. Mwaka 1896, mwalimu mmoja wa Philadelphia nchini Marekani alimpelekea Lightner Witmer, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, mvulana wa miaka 14 aliyeshindwa kuandika maneno kwa tahajia sahihi. Witmer alimchunguza, akagundua kwamba macho yake yalikuwa na kasoro, akahakikisha amepewa miwani, kisha akapanga namna ya kumfundisha kusoma upya. Kliniki aliyoifungua mwaka huo huhesabiwa kuwa ya kwanza ya aina yake, na funzo lake halijachakaa: kabla ya kusema mtoto ni mvivu au mzito wa kufahamu, sharti kwanza ijulikane kama anaona na anasikia sawasawa.

Mwaka 1905 huko Paris, Alfred Binet na Théodore Simon walitoa kipimo cha akili kilichokusudiwa kuwatambua watoto waliohitaji mafunzo ya ziada, na Binet mwenyewe alisisitiza baadaye kwamba alama za kipimo hicho hazikuwa kiwango cha kudumu kisichobadilika maishani. Mwaka 1913 Cyril Burt aliajiriwa na Baraza la Kaunti ya London kuwa mwanasaikolojia, na mwaka 1915 Arnold Gesell akapewa katika jimbo la Connecticut cheo kilichoitwa rasmi mwanasaikolojia wa shule. Tangu hapo taaluma imeenea duniani, ikiwa imebeba faida ya vipimo pamoja na hatari yake, yaani kumpima mtoto kwa lugha na desturi ambazo si zake.

Safari ya Oman na ya familia zilizorudi

Sultani Qaboos aliposhika madaraka tarehe 23 Julai 1970, Oman nzima ilikuwa na shule tatu za kisasa zenye wanafunzi wapatao 900, wote wavulana. Serikali mpya iliwaita Waomani waliokuwa ng'ambo warudi kuijenga nchi, na miongoni mwa walioitikia walikuwa maelfu waliotoka Zanzibar, ambayo wengi wao waliihama baada ya mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, pamoja na wengine waliotoka bara, Kenya, Rwanda, Burundi na Congo. Wengi walikuwa wamesoma kwa Kiingereza, na kwa sababu hiyo walipata kazi katika ofisi za serikali, mafuta, hospitali na shule zilizokuwa zikifunguliwa kwa kasi, lakini wengi vilevile hawakuwa na Kiarabu cha kutosha cha kusoma na kuandika. Watafiti kama Marc Valeri, katika makala yake ya 2007, na Nafla Kharusi, katika makala yake ya 2012, wameeleza jinsi lugha ilivyokuwa alama iliyowatambulisha watu hao mbele ya wenzao, na jinsi lilivyokuja jina la Wazinjibari, yaani watu wa Zanzibar.

Historia hiyo inaihusu shule kwa namna ya moja kwa moja. Familia nyingi ziliamua kuwasemesha watoto Kiarabu au Kiingereza ili wasionekane wageni katika nchi ya babu zao, na nyingine ziliendelea na Kiswahili nyumbani, huku mahari, harusi na misiba vikiendelea kuwafunga jamaa wa pande mbili za bahari. Hata sasa wapo watoto wanaofika kutoka Unguja, Pemba au Dar es Salaam katikati ya masomo, wakifuatana na mama aliyeolewa Muscat au wakiletwa kulelewa na shangazi, na mtoto wa namna hiyo huingia darasani akiwa na mizigo miwili kwa wakati mmoja, wa lugha mpya na wa kutengana na aliowazoea.

Katika shule za serikali za Oman, mzazi anaweza kukutana na wataalamu watatu ambao ni rahisi kuwachanganya. Mtaalamu wa kijamii hushughulikia mahudhurio, nidhamu, hali ya kipato na uhusiano wa shule na nyumba. Mtaalamu wa nafsi, ambaye ndiye mwanasaikolojia wa shule, hushughulikia ujifunzaji, hofu, huzuni na mwenendo unaohitaji uchunguzi wa ndani. Na mtaalamu wa mwelekeo wa kazi humsaidia mwanafunzi wa madarasa ya juu kuchagua masomo yanayoendana na kazi anayoitaka. Shule za jumuiya na za binafsi hufuata kanuni za mitaala yao, na Shule ya Kihindi ya Wadi Kabir, kwa mfano, hufuata bodi ya mitihani ya India ambayo kanuni zake zinazitaka shule za sekondari ziwe na mshauri wa wanafunzi. Kwa hiyo mzazi asiyejua amwone nani huanza kwa kuuliza ofisi ya shule ni nani kati ya hao yupo, na kama hayupo, ni nani anayetumwa kutoka idara ya elimu ya mkoa.

Lugha changa na ugumu wa kusoma

Kazi ngumu kuliko zote kwa mwanasaikolojia anayehudumia watoto wa lugha mbili au tatu ni kutenganisha ugumu unaotokana na lugha ambayo bado ni changa na ugumu unaotokana na hali ya ubongo wa mtoto mwenyewe. Jim Cummins, mtaalamu wa Canada, alionyesha kuanzia mwaka 1979 kwamba lugha ya mazungumzo na lugha ya masomo hazikui kwa kasi moja: mtoto mgeni huweza kucheza na kutaniana na wenzake baada ya miaka miwili hivi, ilhali humchukua miaka mitano hadi saba kuwafikia wenzake katika lugha ya vitabu. Mwalimu anayemsikia mtoto akiongea vizuri uwanjani hushangaa anapoona amefeli darasani, na kutokana na mshangao huo humpa jina lisilo lake. Huko California, kesi iliyomalizwa mwaka 1970 ilihusu watoto wa asili ya Mexico waliowekwa katika madarasa ya wenye upungufu wa akili baada ya kupimwa kwa Kiingereza, na makubaliano yake yalitaka watoto wapimwe kwa lugha ya nyumbani kwao.

Hali hiyo inaweza kuonekana kwa karibu katika daftari la imla. Mtoto wa darasa la tatu aliyekulia katika Kiswahili husikia qafu na kafu kama sauti moja, kwa hiyo akitajiwa neno la Kiarabu lenye maana ya moyo, huweza kuandika lile lenye maana ya mbwa. Vivyo hivyo huandika sini mahali pa swadi, na ha nyepesi mahali pa ha nzito. Makosa ya aina hiyo yana mpangilio, hutabirika, na hupungua kadiri sikio linavyozoea, kwa hiyo ni makosa ya lugha. Disleksia, yaani ugumu wa kudumu wa kusoma na kuandika usiotokana na upungufu wa akili wala uvivu, hujionyesha kwa namna nyingine: mtoto hupata shida kuzikata na kuziunganisha sauti za maneno katika kila lugha anayoijua, pamoja na ile ya nyumbani.

Hapa ndipo bibi anapokuwa na habari ambazo hazimo katika kipimo chochote kilichofungwa kabatini. Watoto wa Kiswahili wana mchezo wa kusema kinyume, ambamo silabi za neno hugeuzwa ili wasioujua wasielewe, na nyumba ikawa mbanyu. Mtoto anayeucheza mchezo huo kwa wepesi anaonyesha kwamba anazitambua silabi na anaweza kuzihamisha, jambo ambalo ni msingi wa kusoma, na mtaalamu akiarifiwa hivyo ana sababu ya kutazama upande wa lugha kwanza. Kinyume chake, mtoto wa miaka minane anayesemeshwa Kiswahili tangu kuzaliwa, lakini akashindwa kabisa kusema kikapu kina vipande vya ki, ka na pu, anahitaji kuchunguzwa zaidi, na kumwambia mama yake asubiri tu azoee Kiarabu ni kumpotezea mtoto miaka. Tathmini inayostahili jina hilo hukusanya taarifa ya mwalimu, kipimo cha macho na masikio, kumtazama mtoto akiwa darasani na uwanjani, mazungumzo na wazazi, na kazi za kusoma katika lugha zake zote, ndipo kipimo cha akili kipate mahali pake.

Siku ambazo mtaa wote huumia

Upande wa pili wa kazi hii ni hisia za mtoto baada ya tukio la kutisha, nao Wadi Kabir imeujua kwa uchungu. Usiku wa tarehe 15 Julai 2024, watu wenye silaha waliwashambulia waumini waliokusanyika katika eneo la Msikiti wa Imam Ali, na Polisi ya Oman ilitangaza kwamba watu 9 walifariki, wakiwemo askari polisi mmoja na washambuliaji watatu, na kwamba watu 28 walijeruhiwa. Shule za serikali zilikuwa katika likizo ya kiangazi, kwa hiyo watoto wa mtaa huo walikuwa majumbani, na habari zilikuwa zikiwafikia kwa simu.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2011 kuhusu huduma ya kwanza ya kisaikolojia, limeweka mambo matatu ya kufuata: kutazama nani ana dhiki, kumsikiliza bila kumlazimisha aeleze, na kumuunganisha na ndugu na huduma zilizopo. Mtoto mdogo huweza kurudia kukojoa kitandani au kumng'ang'ania mama asitoke, na mkubwa huweza kuwa mkali, kukosa usingizi au kukataa kupita njia fulani. Mengi ya hayo hupungua yenyewe iwapo ratiba ya nyumbani haikuvurugwa, maswali yamejibiwa kwa ukweli mfupi unaolingana na umri, na video za tukio zimezuiwa. Dalili zikiendelea zaidi ya mwezi na kumzuia mtoto asisome wala kucheza, ni wajibu wa mwanasaikolojia wa shule kumpeleka kwa tabibu, na Muscat ina Hospitali ya Al Masarra huko Al Amerat, ambayo ni hospitali ya serikali ya magonjwa ya akili.

Aibu, kisomo na siri

Kinachozichelewesha familia nyingi ni woga kwamba jina la mtoto litachafuka, na kwamba binti aliyewahi kuonekana na mtaalamu wa nafsi hataposwa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na katika jambo hili kinachoumbuka ni miaka ya masomo ambayo hairudi. Familia nyingine humpeleka mtoto kusomewa kwanza, zikihofia husuda au jini, na mwanasaikolojia mwenye busara hawakejeli, kwa kuwa Qur'ani na dua humtuliza mtoto na huikusanya familia. Analoliomba ni kwamba kisomo kisizuie uchunguzi, na kwamba mtoto asipigwe wala asilazimishwe kunywa dawa zisizojulikana.

Kuhusu siri, mtaalamu huyu hufungwa na maadili ya kazi asiyatangaze anayoambiwa, isipokuwa pale uhai au usalama wa mtoto unapokuwa hatarini. Oman ilijiunga na Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1996, na Sheria ya Mtoto iliyotolewa kwa amri ya kifalme namba 22 ya mwaka 2014 iliweka kamati za kuwalinda watoto dhidi ya ukatili na kupuuzwa. Mzazi anayeujua mpaka huo tangu mwanzo huzungumza kwa uhuru zaidi, na mtaalamu anayeueleza kabla ya kuuliza chochote hujijengea imani.

Mzazi anayeitwa shule ana haki ya kuuliza mtoto atapimwa kwa nini na kwa lugha gani, kuomba mkalimani mtu mzima badala ya kaka wa mtoto, kueleza historia ya uzazi, ugonjwa na safari, kupeleka ripoti za shule za Zanzibar au Tanzania, kuelezewa matokeo kwa maneno anayoyafahamu, na kupewa tarehe ya kufuatilia. Shule nazo zina wajibu wa kumtafuta mwalimu au mfanyakazi anayejua Kiswahili kabla ya kuandika kwamba mtoto haelewi, na katika Muscat watu wa namna hiyo hawako mbali. Kwa hiyo baba, mama, bibi au shangazi anayemlea mtoto Wadi Kabir na akaona hasomi, halali au hacheki kama zamani, asingoje mtihani wa mwisho wa mwaka umjulishe. Aende shule mapema, amwone mtaalamu, na aseme yote anayoyajua.