Fahamu: Kwa nini mwenye skizofrenia huona uadui katika uso mtulivu

Abiria wa daladala anakutupia jicho, kisha anageukia dirishani. Wewe umeshasahau. Mwenye skizofrenia, ugonjwa wa akili, anaweza kushuka kituo kisicho chake, akiamini anafuatiliwa.

Huo si ukaidi. Ndani kabisa ya ubongo ipo amigdala, sehemu ndogo yenye umbo la lozi inayosaidia kupima hatari. Picha za ubongo zimeonyesha kwamba kwa baadhi ya wagonjwa, amigdala hushtuka hata mbele ya uso usio na hasira wala hofu. Eneo la pembeni mwa ubongo, usawa wa sikio, linalofuatilia macho ya mtu yanaelekea wapi, nalo huweza kufanya kazi kwa namna tofauti.

Dawa hupunguza sauti anazosikia mgonjwa peke yake na shuku, lakini kusoma nyuso huhitaji mazoezi yake, na yanasaidia. Nyumbani, mwambie mgonjwa waziwazi: “Sijakasirika, nimechoka tu.”